Sanduku la Bati

Karibu kila mji wa Afrika Mashariki niliowahi kulala una Majengo yake. Moshi ipo, Dodoma ipo, Mombasa ipo, Nyeri ipo. Ukishuka stendi usiku na hujui pa kwenda, uliza Majengo: utakuta msikiti, utakuta mama anakaanga kitu kando ya barabara, utakuta na mtu wa kukuitikia salamu kabla hajakuuliza shida yako. Ndiyo maana mpwa wangu aliponipigia simu kutoka Nairobi akasema, "Mjomba, tunamfanyia Kocha siku yake, njoo Majengo," nilijiona naalikwa mtaa wa pili wala si nchi ya pili.

Huyo Kocha nilimjua kwa masimulizi tu, kama mtu anavyomjua shemeji wa shemeji yake. Mpwa wangu alitoka Ngamiani, Tanga, akiwa mdogo, mama yake alipoolewa Nairobi, na tangu hapo habari zake zote zilikuwa za mtu mmoja. Kocha kasema hivi. Kocha hataki vile. Dada yangu alikuwa akilalamika kwamba amempeleka mtoto kwa baba wa kambo, mtoto akaenda kujitafutia baba wa tatu uwanjani. Mtoto mwenyewe leo ana ndevu, ana watoto wawili na kibanda cha viatu vya mtumba Gikomba, na bado akimtaja Kocha anakaa vizuri kwenye kiti.

Nilivuka Horohoro, nikalala Mombasa, asubuhi nikapanda basi. Njia nzima nilikuwa nangojea Kibwezi, kwa sababu hapo mkonge hujitokeza ghafla, umepangwa mistari, na mtu wa Tanga hawezi kuona mkonge akanyamaza. Nikamwambia jirani yangu, mama wa Kikamba aliyepakata kikapu cha maembe, kwamba kwetu ndiko mkonge ulikoanzia. Akanitazama tangu utosini hadi viatuni. "Na sisi," akasema, "ndio tunaosuka vyondo." Tukaishia hapo.

Majengo ya Nairobi iko Pumwani, mashariki ya mji, kati ya soko la Gikomba, Shauri Moyo na Eastleigh. Wakoloni waliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili wawakusanye Waafrika wa mjini mahali pamoja. Kabla ya hapo watu walikuwa na vijiji vyao vilivyoota vyenyewe pembezoni mwa reli na mito, na majina yake ukiyasikia utadhani uko pwani: kimoja kiliitwa Mombasa, kingine Maskini, kingine Kaburini, kingine Pangani. Vikabomolewa kimoja baada ya kingine. Pangani ndiyo iliyokaidi muda mrefu kuliko vyote. Ilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na waliotolewa huko wakajengewa Shauri Moyo. Mimi niliyelelewa mkoa mmoja na Pangani ya kweli, ile yenye mto na mitumbwi, nilipoona jina hilo limeandikwa kwenye ubao wa matatu nilitaka kushuka.

Nyumba niliyofikia ni ya bibi mmoja jirani wa dada yangu. Ni nyumba yetu hasa: mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, uani nyuma. Kuta zina plasta ya saruji juu ya udongo, bati limepakwa kutu na miaka, na juu yake kila upande magorofa yameinua shingo yanachungulia uani. Bibi mwenyewe haoni vizuri, lakini nilipomwamkia "Shikamoo" alinyanyua uso.

"Marahaba, mwanangu. Wewe si wa hapa. Wa hapa wananiambia 'sasa'."

Alinieleza kwamba mama yake alikuwa na chumba Pangani, akahamishwa akiwa na mtoto mgongoni na kitanda cha kamba kichwani, akahangaika mpaka akapata kiwanja hiki na kujenga kwa fedha zake. Si ajabu. Miongoni mwa wenye nyumba wa zamani wa Pumwani walikuwemo wanawake wengi, waliokuja mjini peke yao, wakapangisha vyumba, wakasilimu, wakafanyana ndugu kwa sababu ndugu wa damu waliwaacha mbali. Kwetu Tanga mwanamke akimiliki nyumba tunasema ameachiwa na marehemu. Bibi alipoona nimekaa kimya akasema, kama aliyenisoma, "Hii hajaachiwa na mtu."

Chakula cha usiku kilikuwa chapati na madondo. Madondo ni maharage, lakini ukisema maharage watu wa Nairobi wanajua wewe ni mgeni. Chapati zao ni nene kuliko zetu, zinashibisha haraka, nadhani ni kwa ajili ya baridi. Asubuhi ikaja mahamri na mbaazi za nazi, na hapo nikasahau kabisa kwamba bahari iko mwendo wa siku nzima nyuma yangu. Aliyekaanga ni kijana wa Kikuyu aliyefundishwa na Bibi huyo huyo. Iliki aliweka nyingi kidogo. Sikusema.

Alfajiri mpwa wangu alinipeleka Kamukunji.

Uwanja huu kila Mkenya anaujua hata kama hajaukanyaga. Hapa ndipo ulipoitishwa mkutano wa Saba Saba, tarehe 7 Julai 1990, watu walipodai vyama vingi na polisi wakawapokea kwa virungu na risasi. Umebeba mikutano mingi kiasi kwamba jina lake limekuwa neno: leo wabunge wa Kenya wakitaka kukaa pembeni wakubaliane jambo, wanasema wanafanya kamukunji. Sijui uwanja mwingine wa mpira uliozaa neno. Mkwakwani yetu ya Tanga, pamoja na ubingwa wa Coastal Union wa mwaka 1988 ambao hatutaki mtu ausahau, haijazaa neno lolote isipokuwa matusi.

Kulikuwa na ukungu. Upande mmoja mafundi wa jua kali walikuwa wameshaanza kugonga: Kamukunji ndiko yanakotengenezwa masanduku ya bati, makarai, majiko na sufuria zinazolisha nusu ya mikahawa ya Nairobi, na sauti ya nyundo zao haina mwanzo wala mwisho. Katikati ya kelele ile watoto kama arobaini walikuwa wanakimbia kwa mistari, na mbele yao mzee mfupi aliyevaa suti ya mazoezi ya kijani iliyopauka. Kifuani palikuwa na jina la chuo chake cha ualimu. Herufi zimefutika kwa kufuliwa, zimebaki A mbili na nukta.

Kocha alicheza namba nane chuoni. Watu wa Majengo wanaomkumbuka wakati huo wanasema alikuwa na pasi ambayo mpokeaji alikuwa hajui kama anaihitaji. Timu moja ya ligi ilimtuma mtu aje kumtazama; wiki hiyo hiyo goti likaenda, katika mechi ya vyuo, kwenye uwanja wenye shimo. Alimaliza masomo akichechemea, akarudi mtaani, akapata kazi ya kufundisha shule ya msingi. Jioni akawa anakaa kwenye jiwe pale Kamukunji kutazama watoto wakicheza ovyo. Siku moja akashindwa kuvumilia, akasimama kuwaonyesha namna ya kufungua mwili kabla ya kupokea mpira. Hajakaa tena. Hadithi yote ni hiyo, na aliponihadithia alitumia maneno machache kuliko haya.

"Kocha, huyu ni nani?" mtoto mmoja akauliza, akininyooshea kidole.

"Mgeni wetu. Ametoka Tanzania."

"Anajua boli?"

"Tutaona."

Kulikuwa na mvulana mpya, mrefu, aliyedai ana miaka kumi. Kocha akamwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Mkono ukafika sikioni, ukapita, ukabakiza vidole vya kuchezea. Watoto wakaanguka kwa kicheko. Ndivyo na mimi nilivyopimwa darasa la kwanza, ila mimi sikio halikufikika na nikarudishwa nyumbani nikilia. Kijana yule hakufukuzwa. Aliambiwa tu akacheze na wa miaka kumi na mitatu, na kesho aje na ripoti yake ya shule.

Kilichonishangaza ni mipira. Kocha ana mipira ya ngozi, michakavu lakini ipo. Watoto wadogo kabisa hawapewi. Wanacheza kwa mpira wa kufunga: matambara na magodoro yaliyochanwa, yakaviringwa, yakakazwa kwa kamba mpaka yakawa duara lenye ukaidi. Nilidhani ni umaskini. Akacheka.

"Mpira wa ngozi unamdekeza mtoto," akasema. "Unadunda wenyewe, unamfuata. Huu haumfuati mtu. Lazima uweke mguu chini yake, lazima uupende kwanza. Akiuweza huu, ule mwingine ni kama kupumua."

Zamani mpira wa kufunga ulikuwa wa juala, mifuko ya plastiki iliyojaa kila mtaro. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ikapiga marufuku mifuko hiyo, kwa faini na kifungo, na Kocha anasema yeye ndiye pekee Majengo aliyepata hasara bila kuwa na duka. Ndani ya miezi michache malighafi ikakauka. Ikabidi wabuni upya. Sisi Tanzania tulifuata Juni 2019, na sasa nakumbuka kwamba watoto wa Ngamiani nao siku hizi wanapiga soksi zilizojazwa matambara. Nilikuwa naona bila kuona. Tatizo la Kocha lililobaki ni kamba. Ya nailoni inateleza, mafundo yanafunguka, na ikikatika inamkata mtoto kidole cha mguu.

"Nyinyi Tanga si ndiko kwenye mkonge?" akaniuliza. "Chuoni tulifundishwa. Tanga, mkonge."

Hapo akawa amenifungulia bomba. Nilimwambia habari ya Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche elfu moja kutoka Florida mwaka 1893. Kwamba iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62 tu. Na kwamba mashamba yote yale, kambi zote za manamba, na mabomu yote yaliyofungwa kwa kamba zetu katika vita viwili vya dunia (hapo niliongeza chumvi), yalitokana na miche hiyo 62. Alisikiliza kwa heshima. Kisha akasema, "Basi niletee kamba."

Siku ya pili, kabla ya sherehe, mpwa wangu alinizungusha Eastlands. Gikomba kwanza, kwenye kibanda chake, ambako daluga zimeninginizwa kwa kamba zake kama popo. Daluga hizi zimekwisha kuvaliwa Ulaya, zimefungwa robota, zimevuka bahari, zinachaguliwa hapa alfajiri kwa mwanga wa tochi. Mwenye fedha anaondoka na jozi. Asiye na fedha anagawana na mwenziwe: huyu anavaa ya kulia, yule ya kushoto, kila mmoja peku mguu wa pili. Mpwa wangu aliwahi kuwa mguu wa kushoto. Ndiyo sababu, anasema, alicheza beki wa kushoto. Si kipaji, ni kiatu.

Tukashuka Muthurwa, mtaa uliowatoa kina Mariga na Wanyama. McDonald Mariga alikuwa Inter Milan ilipochukua ubingwa wa Ulaya mwaka 2010. Mdogo wake Victor Wanyama aliifungia Celtic bao la kichwa dhidi ya Barcelona mwaka 2012, na usiku ule, nimeambiwa, Nairobi hii ilipiga makelele kana kwamba Glasgow ni kituo cha matatu baada ya Makadara. Kisha tukafika Barabara ya Jogoo, kwenye uwanja ambao watu wote wanauita City. Jina lake rasmi sasa ni Joe Kadenge.

Nikasimama pale getini muda mrefu. Hata sisi wa upande wa pili wa mpaka tulilelewa na sauti ya Leonard Mambo Mbotela redioni, na mwito wa "Kadenge na mpira" tulikuwa tunaupiga tukikimbiza soksi zetu Barabara ya Kumi na Mbili, hatujui Kadenge ni mtu au ni aina ya mpira. Kadenge, mshambuliaji wa Abaluhya na wa timu ya taifa, alikuja kuwa mwalimu wa timu hiyo hiyo, na uzeeni aliendesha teksi mjini hapa. Alifariki tarehe 7 Julai 2019. Uwanja ukapewa jina lake mwaka huo huo. Mbotela naye aliondoka Februari 2025.

"Unaona?" mpwa wangu akasema. "Uwanja wamempa, lakini hakuusikia."

Hiyo ndiyo hoja iliyozaa sherehe ya Kocha, na haikupita bila ugomvi. Baadhi ya wazee hawakutaka. Sisi Waswahili, wa Tanga na wa Majengo sawasawa, tuna hofu ya sifa. Mtoto akinenepa husemi amenenepa, unasema mashallah na kugeuza uso. Mtu akifanya jema tunamkumbusha haraka kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa zote tunaziweka akiba, tunazitoa siku ya hitima, wakati mwenyewe amelala chini na hana namna ya kuharibika. Bibi wa nyumba yangu alikuwa upande wa vijana. Alinisimulia mabishano yalivyokuwa pale barazani: mzee mmoja akatoa methali ya mgema, na yeye akamjibu, "Mgema huyu hata tembo hanywi. Maji atatia wapi?"

Kocha mwenyewe, alipoambiwa, aliuliza kama sherehe itaingilia mazoezi ya Jumapili.

Ikawekwa baada ya mazoezi.

Viti vya plastiki vilikodishwa, turubai likasimamishwa upande wa uwanja ulio mbali na mafundi, ingawa nyundo hazikukoma. Sherehe ilianza kwa dua, kisha mchungaji akaomba, kwa sababu wachezaji wa Kocha ni wa pande zote na yeye hakuwahi kuuliza isipokuwa kwa ajili ya kupanga saa: mazoezi ya jioni yanasimama alasiri, na Jumapili yanaanza baada ya ibada ya kwanza. Pilau ilikuwa inapikwa kwenye sufuria zilizogongwa hatua mia moja kutoka hapo. Kina mama walikuja na leso sare na vigelegele vya harusini. Hakuna aliyejua sherehe ya kumsifu mtu hai huendaje, kwa hiyo waliiazima: mwanzo ulitoka kwenye maulidi, katikati ikatoka harusini, na mwisho, kama nitakavyoeleza, ukatoka darasani.

Kwanza ilikuwa mechi. Wachezaji wa zamani wa Kocha, wenye vitambi na leseni za udereva, dhidi ya vijana wake wa sasa. Golikipa wa wazee alichelewa, na mpwa wangu, bila kuniomba, akamtangazia refa kwamba mjomba wake alidaka Mkwakwani. Nilidaka Mkwakwani mara moja, mwaka ambao sitautaja, shule yetu ikafungwa nne. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Mtu wa Tanga hajui kwamba hewa ina uzito mpaka aikose. Baada ya dakika tano nilikuwa nimeshika nguzo ya goli nikikumbuka kwamba masikioni mwangu jina Pumwani lilikuwa limesikika kama mahali pa kupumua. Bao la kwanza lilipita kati ya miguu yangu. Aliyefunga ni yule mvulana mrefu wa sikio. Aliniomba radhi.

Halafu akaja mheshimiwa. Hakualikwa ila hakukatazwa. Alifika na magari matatu, akapewa kipaza sauti kwa sababu Kenya mwanasiasa akionekana kipaza sauti humfuata chenyewe. Alizungumza dakika ishirini. Kocha alitajwa mara mbili. Aliahidi nyasi, aliahidi taa, na alipoanza kueleza mipango ya "kuendeleza" eneo la uwanja nikaona wazee wanatazamana, maana kila uwanja wa Nairobi una adui mmoja tu, naye ni mtu mwenye ramani. Watoto wakaanza kupiga makofi kabla hajamaliza, kwa nguvu, bila kuacha, mpaka ikabidi ashukuru na kukaa. Nilimtazama Kocha. Alikuwa anatazama chini, lakini mguu wake mzima ulikuwa unapiga chini kwa mdundo wa makofi yale.

Zawadi ilibebwa na watu wanne. Lilikuwa sanduku la bati la kugongwa hapo hapo Kamukunji, la aina ile ambayo mtoto wa Kenya hupelekwa nayo shule ya bweni, isipokuwa hili lingetosha kulala mtu. Limepakwa rangi ya kijani kufuata suti yake ya chuo, lina vitasa viwili na magurudumu ya mkokoteni, la kuwekea mipira. Fundi aliyeligonga alikuwa kipa wake wa kwanza. Ubavuni hawakuandika jina la Kocha. Waliandika "VAA SOKSI", ambayo nimeambiwa ndiyo amri aliyoitoa mara nyingi kuliko zote maishani mwake. Uwanja mzima ulilipuka.

Wakamwita aseme. Alitembea taratibu na goti lake mpaka mezani, akachomoa kwenye mfuko daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, limegeuka rangi ya chai. Hakuanza kwa kushukuru. Akavaa miwani, akasema, "Timu ya kwanza," na akaanza kuita majina.

Mwanzoni watu hawakuelewa. Jina la kwanza likapita kimya. La pili, mtu mwenye upara akanyanyuka kule nyuma, akajikuta anajibu kama mtoto: "Nipo, Kocha!" Kicheko. Akaita la tatu.

"Yuko Doha!" sauti ya dada mtu.

"Anaendesha matatu ya Kayole!"

"Nipo!"

"Ameshakuwa babu, Kocha!"

"Yuko wapi mwenyewe?"

"Anawafuata wajukuu!"

Kila jibu Kocha alikuwa anaweka alama kwa kalamu, bila haraka, kama mwalimu wa zamu. Akaita jina jingine. Hakuna aliyejibu. Akangoja. Mwanamke mmoja katika wale wenye leso sare akasema, si kwa sauti kubwa, "Marehemu, Kocha."

"Ndiyo," akasema Kocha, na nikaona, maana nilikuwa karibu, kwamba hapo penye jina palikuwa na alama tayari. Alijua. Aliliita hata hivyo.

Walikuwa wengi. Majengo imezika vijana kwa kila njia ambayo mji unaweza kuwamaliza vijana, na njia nyingine hazisemwi mbele ya watoto. Kuna jina moja lililoitwa, watu wakainamisha vichwa, na hakuna aliyesema yuko hai au amekufa. Kocha akasubiri muda mrefu kuliko kwa wengine, kisha akaruka mstari bila kuweka alama yoyote. Nyundo za mafundi zilikuwa zimenyamaza. Sijui ni lini zilinyamaza.

Jina la mpwa wangu halikuwa katika daftari hilo, yeye alikuja baadaye sana, lakini nilimwona amesimama wima mikono nyuma, anangoja kuitwa.

Kocha alifunga daftari. Akasema, "Waliopo wale. Pilau inapoa." Akarudi kwenye kiti. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba, na wale wazee waliohofia sifa nadhani walilala vizuri usiku ule.

Asubuhi yake nilipita Kamukunji kuaga. Sanduku lilikuwa pale, limefunguliwa, na mipira ya ngozi imejaa ndani. Cheti cha heshima walichompa kwenye fremu kilikuwa kimelazwa chini kabisa, mipira juu yake. Watoto walikuwa wanakimbia. Wawili waliochelewa, na mmoja wao ndiye aliyembeba Kocha begani jana, walikuwa wanazunguka uwanja peke yao kama adhabu. Tukapeana mikono. "Kamba," akanikumbusha, na akageuka kumfokea mtu kuhusu soksi.

Wiki iliyofuata niliingia duka la vifaa vya shamba Tanga mjini, kwa muuzaji ninayemjua tangu tukiwa shule. Nikamwambia nataka kamba ya mkonge, ile nyembamba, ya kupeleka Nairobi.

"Ya kufungia nini?"

"Mpira."

Akaweka kalamu chini. Nilimweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akapanda ngazi, akashusha bonge la kamba mpya ambalo bado lilikuwa linanuka shamba, akaliweka kwenye mizani.

"Haya. Mpira mmoja unakula kamba kiasi gani?"

Nikafungua mdomo, nikakuta sikumuuliza Kocha.